Madini Haba katika Chakula na Afya ya Kambamiti na Kaa Wanaofugwa

Uvuvi wa kambamiti na kaa katika pwani ya Afrika Mashariki ni kazi ya karne nyingi. Ufugaji wao ni kazi changa. Kambamiti wakubwa wa baharini wamefugwa mabwawani katika Kisiwa cha Mafia, na kaa wa mikoko hunenepeshwa katika vizimba vya vikundi vya wanavijiji, kuanzia kaunti za Kilifi na Kwale nchini Kenya hadi Tanga, Pemba, Kilwa na Mtwara. Kaa aliyetoka kujivua gamba, mwenye nyama kidogo na maji mengi ndani, hununuliwa kwa bei ndogo, hulishwa kwa wiki chache, kisha huuzwa akiwa amejaa nyama. Faida yote ya kazi hiyo hutegemea jambo moja: kaa awe hai siku ya kuuzwa.

Vifo vizimbani na mabwawani vina sababu nyingi. Zipo zinazojulikana kwa wafugaji wote, kama vile maradhi, upungufu wa oksijeni usiku, mvua inayopunguza chumvi ya maji kwa ghafla, na kaa wenyewe kulana wakati mmoja wao akiwa laini. Ipo pia sababu isiyoonekana kwa macho wala kunuswa kwa pua, nayo ni kupungua au kuzidi kwa madini fulani katika chakula. Makala hii inaeleza kazi ya madini hayo mwilini mwa wanyama hawa, kwa nini kuwamo kwake katika gunia la chakula hakutoshi kuwa dalili ya usalama, na jinsi jambo hilo linavyogusa afya ya binadamu anayewala.

Madini haba ni yapi

Mwili wa kila mnyama huhitaji baadhi ya madini kwa wingi. Kalsiamu, fosforasi, magnesiamu na potasiamu ni miongoni mwa hayo. Mengine huhitajika kwa kiasi kidogo mno, kinachopimwa kwa miligramu katika kilo moja ya chakula. Katika kundi hili la pili wamo shaba, zinki, manganizi, seleniamu, chuma na kobalti. Haya ndiyo yanayoitwa hapa madini haba. Uhaba unaotajwa ni wa kiasi, wala si wa umuhimu, kwa maana kimeng'enya kinachohitaji chembe moja ya zinki hakifanyi kazi chembe hiyo ikikosekana, hata kama virutubisho vingine vyote vimekamilika.

Kambamiti na kaa ni wa kundi la wanyama wanaoitwa gegereka: wana gamba gumu kwa nje na miguu yenye viungo. Wakiwa katika maji ya bahari, huweza kupata sehemu kubwa ya kalsiamu na potasiamu kutoka katika maji yenyewe, kupitia matamvua na kwa kunywa. Shaba, zinki na seleniamu zilizoyeyuka katika maji safi ya bahari ni chache sana. Kwa hiyo njia kuu ya madini hayo kuingia mwilini ni chakula. Porini, mnyama huyu hula vitu vingi: konokono, chaza, minyoo, samaki waliokufa, na hata gamba lake mwenyewe alilolivua. Akifungiwa kizimbani, hula kile tu anachotupiwa, na hesabu ya madini yake huhama kutoka mikononi mwa maumbile na kuwa jukumu la mfugaji.

Damu inayotegemea shaba

Damu ya binadamu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwa kutumia chuma. Kambamiti na kaa hawana hemoglobini. Wanayo protini nyingine, hemosianini, ambayo hutumia shaba. Chembe mbili za shaba hushika kwa pamoja molekuli moja ya oksijeni, na zikiishika, rangi ya damu hugeuka kuwa ya buluu hafifu. Protini hii haikai ndani ya chembe za damu kama ilivyo kwa binadamu. Huelea moja kwa moja katika umajimaji unaozunguka viungo vyote, na ndiyo sehemu kubwa ya protini iliyomo katika umajimaji huo.

Kutokana na jambo hilo, gegereka huhitaji shaba zaidi kuliko samaki. Majaribio yaliyofanywa huko Texas, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1993, juu ya kambamiti mweupe wa Pasifiki yalionyesha kwamba chakula chake kinapaswa kuwa na takriban miligramu 34 za shaba kwa kila kilo. Waliopewa pungufu walikua polepole, na shaba ilipungua katika damu na viungo vyao. Hata sheria za vyakula vya mifugo zimeitambua tofauti hii. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 50 za shaba kwa kilo ya chakula cha gegereka, mara mbili ya kile kinachoruhusiwa kwa samaki.

Kwa mfugaji wa kaa wa mikoko, habari hii ina uzito wa pekee. Kaa anapojivua gamba, hunywa maji mengi ili mwili wake utanuke kabla gamba jipya halijakauka. Maji hayo huizimua damu, na hemosianini iliyokuwa nzito huwa nyepesi. Tena, siku za kutokula kabla na baada ya kujivua huufanya mwili utumie hemosianini kama akiba ya protini. Hivyo kaa aliyekonda, yule hasa anayenunuliwa ili anenepeshwe, huingia kizimbani akiwa na damu hafifu. Kujaa nyama ni sehemu moja tu ya kupona kwake. Sehemu nyingine ni kuijenga upya damu yake, na ujenzi huo hauwezekani bila shaba. Kaa mwenye damu hafifu ana akiba ndogo ya kuvumilia saa za alfajiri, wakati oksijeni ya maji inapofikia kiwango cha chini kabisa, au saa nyingi za kufungwa kamba na kusafirishwa nje ya maji.

Kinga na gamba

Gegereka hawana kingamwili kama zile zinazotengenezwa na mwili wa binadamu baada ya chanjo. Kinga yao ni ya kuzaliwa nayo. Chembe zao za damu huwameza wadudu wa maradhi, huziba jeraha, na huwazingira wavamizi kwa utando mweusi. Weusi huo ni melanini, nao hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kinachoitwa fenoloksidesi, ambacho nacho hubeba shaba. Doa jeusi linaloonekana kwenye mguu wa kambamiti aliyejeruhiwa ni alama ya kimeng'enya hicho kazini. Vimeng'enya vya jamii hiyohiyo hushiriki kulikaza gamba jipya.

Zinki ina kazi nyingi zaidi. Imo katika vimeng'enya vinavyosimamia ukuaji na mgawanyiko wa seli, na imo katika kile kinachosaidia kusawazisha chumvi na asidi kwenye matamvua na kupeleka kaboneti inayohitajika kwa ugumu wa gamba. Seleniamu imo katika kimeng'enya kinachozima sumu za oksijeni, zile zinazozalishwa na mwili wenyewe unapopambana na wavamizi. Manganizi nayo hufanya kazi inayofanana na hiyo katika kimeng'enya kingine. Mnyama aliyepungukiwa na madini haya anaweza kumshinda mvamizi, akadhurika kwa moto alioukoka mwenyewe.

Ni lazima hata hivyo kuweka mipaka ya maelezo haya. Madini si dawa ya kila ugonjwa. Virusi vya madoa meupe, vilivyoyafikia mashamba ya kambamiti ya Msumbiji mwaka 2011 na ya Madagaska mwaka 2012, huweza kuangamiza bwawa zima kwa siku chache, na hakuna mchanganyiko wa madini unaovizuia. Ulinzi dhidi yake ni mbegu safi, maji yaliyodhibitiwa na kuzuia uhamishaji wa wanyama wagonjwa. Chakula chenye madini kamili humpa mnyama nguvu ya kukabiliana na vimelea na misukosuko ya kila siku. Hakimpi kinga isiyovunjika.

Yaliyomo guniani na yanayofika mwilini

Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kuhesabu madini yaliyoandikwa kwenye gunia na kudhani kwamba yote yamemfikia mnyama. Kati ya gunia na damu kuna vizuizi viwili.

Kizuizi cha kwanza ni fitati. Hiki ni kiungo kinachopatikana kwa asili katika mbegu na nafaka, kama vile soya, mahindi, ngano na pumba zake. Fitati huishika zinki kwa nguvu ndani ya utumbo, ikapita nayo hadi kwenye kinyesi. Katika utafiti mwingine wa Texas, kambamiti waliolishwa chakula kisicho na fitati walitosheka na takriban miligramu 33 za zinki kwa kilo. Fitati ilipotiwa kwa kiasi cha asilimia 1.5, walihitaji takriban miligramu 200 kupata matokeo yaleyale. Mnyama hakubadilika wala mahitaji yake hayakuongezeka. Kilichobadilika ni kile kilichoachwa kipite. Leo unga wa samaki umekuwa ghali na watengenezaji wengi wanaweka soya mahali pake, kwa hiyo suala hili linazidi kuwa kubwa.

Tabibu anayesoma habari hii ataikumbuka historia inayofanana nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Shiraz nchini Iran, daktari Ananda Prasad aliwaona vijana waliodumaa, waliochelewa kubalehe, ambao chakula chao kikuu kilikuwa mkate wa ngano usiotiwa chachu. Uchunguzi uliofuata nchini Misri katika miaka ya 1960 ulithibitisha kwamba watu wa namna hiyo walikuwa wamepungukiwa na zinki. Chakula chao hakikukosa zinki kabisa, ila fitati ilikuwa imeifunga. Kutokana na elimu iliyoanzia hapo, mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mtoto mwenye kuhara apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji yenye chumvichumvi. Mama anayeloweka na kuotesha nafaka ili kupata kimea cha uji wa mtoto, na kiwanda kinachotia kimeng'enya cha fitesi katika chakula cha kambamiti, wote wanaivunja fitati ileile.

Kizuizi cha pili ni maji. Kuku hudonoa punje na kuimeza papo hapo. Kambamiti huishika punje kwa miguu yake, akaizungusha, akaitafuna kidogo kidogo nje ya mdomo. Wakati huo wote maji yanaiosha, na madini yanayoyeyuka kwa urahisi huondoka. Punje iliyokaa saa nzima chini ya bwawa bila kuliwa si ile iliyotoka mfukoni. Ndiyo maana chakula cha gegereka hufungwa kwa wanga unaonata, na watengenezaji wengine hutumia madini yaliyofungamanishwa na asidi amino ili yasipotee upesi wala kunaswa na fitati. Aina hizo ni za bei kubwa, na manufaa yake hutegemea viungo vingine vya chakula. Pasipo fitati nyingi, tofauti inaweza kuwa ndogo.

Mpaka kati ya chakula na sumu

Mtu aliyesoma mpaka hapa anaweza kushawishika kuongeza madini kwa mkono wake. Hapo ndipo hatari ilipo. Mrututu, yaani salfati ya shaba, hupatikana katika maduka ya pembejeo kwa sababu wakulima huutumia dhidi ya ukungu wa mimea, na wafugaji wengine huutia bwawani kuua mwani. Takriban robo ya uzito wa mrututu ni shaba tupu. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa ifanywe kabla ya kufungua mfuko.

Gunia la chakula la kilo 50, likitakiwa kuwa na miligramu 34 za shaba kwa kila kilo, linahitaji gramu 1.7 tu za shaba. Kiasi hicho kimo katika gramu 7 za mrututu, hata kabla ya kuhesabu shaba iliyomo tayari katika unga wa samaki, soya na nafaka. Anayetia konzi moja ya gramu 50 katika gunia hilo huongeza zaidi ya miligramu 250 za shaba kwa kila kilo, zaidi ya mara tano ya kikomo cha Umoja wa Ulaya. Tena, konzi haichanganyiki sawasawa. Sehemu moja ya gunia hupata nyingi na nyingine hukosa.

Shaba iliyoyeyuka majini ni hatari zaidi kuliko iliyomo katika chakula, kwa kuwa hushambulia matamvua na kuvuruga uwezo wa mnyama wa kusawazisha chumvi mwilini. Hatari hiyo huongezeka katika maji yenye chumvi kidogo na yasiyo na magadi ya kutosha, hali inayotokea mabwawani wakati wa masika. Madini ambayo damu ya kaa haiwezi kuishi bila yake ndiyo yanayoweza kumuua yakizidi. Binadamu naye hayuko mbali na kanuni hii: wenye maradhi ya Wilson, ambao ini lao haliwezi kutoa shaba iliyozidi, huharibikiwa ini na ubongo kwa madini ambayo kwa mtu mwingine ni lishe.

Chuma nacho kinahitaji tahadhari. Majaribio juu ya kambamiti hayakuonyesha haja ya kukiongeza, kwa kuwa viungo vya kawaida vya chakula vina chuma cha kutosha. Kikizidi, huharakisha kuoza kwa mafuta na kuharibika kwa vitamini C ndani ya chakula. Bakteria wa jamii ya Vibrio, adui wakubwa wa kambamiti, nao hukihitaji chuma ili kuzaliana.

Kutoka bwawani hadi mezani

Nyama ya kambamiti na kaa ni chanzo kizuri cha zinki, shaba na seleniamu kwa binadamu, na zinki yake haifungwi na fitati kama ile ya nafaka. Familia inayokula ugali wa dona na maharage kila siku hufaidika ikiongeza kitoweo cha namna hii au hata dagaa, walio rahisi zaidi kupatikana.

Kuna jambo moja la kuangaliwa. Gegereka wana kiungo kinachofanya kazi ya ini na kongosho kwa pamoja, kile kitu laini cha rangi ya kahawia au manjano kilichomo kichwani mwa kambamiti na chini ya gamba la kaa. Humo huhifadhiwa shaba na zinki kwa kushikwa na protini maalumu. Protini hiyo haichagui vizuri: hushika pia kadimiamu, metali isiyo na faida yoyote kwa mwili wa kaa wala wa binadamu. Kadimiamu ikiingia katika mwili wa mtu hukaa katika figo kwa miaka mingi. Nchini Japani, wakazi wa bonde la mto Jinzu waliokula mchele uliomwagiliwa kwa maji yenye kadimiamu kutoka mgodini walipata maradhi ya figo na mifupa yaliyoitwa itai-itai. Katika Umoja wa Ulaya, nyama nyeupe ya gegereka hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.5 za kadimiamu kwa kilo. Sehemu ya kahawia haimo katika kipimo hicho, nayo kwa kawaida huwa na kadimiamu nyingi zaidi.

Kwa sababu hiyo, kizimba cha kaa hakifai kuwekwa katika mlango wa mto unaopokea maji machafu ya viwanda, kama ilivyo Msimbazi jijini Dar es Salaam. Mlaji wa mara kwa mara, hasa mama mjamzito na mtoto mdogo, ni afadhali ale nyama nyeupe na kuiacha sehemu ya kahawia.

Yanayowezekana kwa mfugaji mdogo

Mfugaji asiye na maabara anaweza kufanya mengi. La kwanza ni kuchanganya vyakula. Matumbo na vichwa vya samaki pekee havifanani na kile ambacho kaa hukila porini. Konokono wa mikoko, wanaojulikana sehemu nyingi kwa jina la tondo, ni sehemu ya chakula chake cha asili, na konokono wengi nao wana damu yenye hemosianini, kwa hiyo humrudishia shaba aliyoipoteza. Wachukuliwe kwa kiasi ili mikoko isibaki bila wao.

La pili ni kulisha kidogo na mara nyingi, ili chakula kiliwe kabla maji hayajakiosha wala hakijaoza. La tatu ni kutolitumia gunia la kuku badala ya la kambamiti, kwani mchanganyiko wake wa madini uliwekwa kwa ajili ya mnyama mwenye damu ya chuma, na punje zake husambaratika majini. La nne ni kumwachia mnyama gamba alilolivua, alile apendapo. La tano ni kuandika tarehe za kujivua na idadi ya vifo. Vifo vinavyofuata kujivua gamba huelekeza uchunguzi kwenye lishe, chumvi ya maji na kulana. Vifo vya ghafla vya wakubwa kwa wadogo huelekeza kwenye maradhi au oksijeni. Kumbukumbu hizo ndizo atakazoziuliza afisa uvuvi kwanza, na ndizo zinazoweza kuwasaidia watafiti wa TAFIRI nchini Tanzania au KMFRI nchini Kenya wakipelekewa sampuli.

La mwisho ni kuuacha mrututu mahali pake. Mizani ya jikoni haipimi gramu 7 kwa uhakika, na chepe halichanganyi gunia sawasawa. Madini haya yakitakiwa kuongezwa, yaongezwe na kiwanda chenye vifaa vya kazi hiyo, na mfugaji adai kuona kiwango chake kimeandikwa kwenye gunia kabla hajatoa fedha yake.